Makazi Safi, Hayana Dharura

Oslo, 13 Februari 1949

Dada Torgunn,

Nimechelewa kuandika kwa sababu nimepata kazi, na hii ya sasa si kubeba makaa. Kaa kwanza kabla sijakwambia, maana najua utacheka. Napiga misumari kwenye kampuni ya filamu. Ndiyo, mimi, ambaye darasa nililijua kwa kupita nje yake. Wanataka maseremala kwa sababu wanajenga ofisi nzima ndani ya ghala. Kaunta, mabenchi, saa ya ukutani, kile kidirisha cha kioo kinachofungwa pale tu zamu yako ikifika. Kaunta nimeijenga mimi. Nilipomaliza niliiegemea kidogo nikajikuta nimevua kofia.

Picha yenyewe haina vita wala mapenzi. Ni karani wa ofisi ya makazi na watu wanaokuja dirishani kwake kuomba nyumba. Basi. Nikamuuliza mwongozaji, Bwana Falkanger, nani atatoa kiingilio aone foleni wakati foleni ziko bure barabarani? Akasema, "Kijana, hao watu hawajawahi kujiona." Anaongea hivyo kutwa nzima. Waigizaji wa foleni walipewa makoti makuukuu, na seremala mwenzangu Gunvald akasema, "Wangetuuliza, tungekuja na ya kwetu."

Sasa habari uliyoingojea. Jumapili nilikwenda kumwona Jorid wako kwenye hospitali ya kifua. Si unajua hawaruhusu mtu kuingia, unasimama bustanini kwenye theluji na watoto wanaletwa barazani wamefungwa mablanketi kama mikate. Amenawiri, dada. Kikohozi kimepungua sana. Sista Borghild, nesi wake, anasema daktari mkuu ameridhika na mapafu, na kwamba mtoto anaweza kurudi nyumbani kabla mwaka haujaisha. Ila lazima iwe nyumba ya watu, kavu, yenye karatasi ya baraza la afya. Nikamwambia dada yangu ameomba mkopo wa kujenga. Akanijibu, "Basi mwambie awabane."

Je, yule Kvammen wa halmashauri ameshakuja kukagua?

Mdogo wako,
Eilif


Skarvnes, 9 Machi 1949

Mdogo wangu Eilif,

Amekuja.

Nilipata habari siku mbili kabla, kwa hiyo nilikuwa na muda. Nilisugua sakafu kwa sabuni ya kijani mpaka mbao zikawa nyeupe. Ng'ombe nilimpeleka kwa jirani Olufine ili kusiwe na harufu, na upande wake wa zizi, mkabala na kitanda changu, nikaufunika kwa lile shuka la marehemu Anders. Magunia ya unga niliyatia rangi ya buluu, nikayakata mapazia. Ule ukuta wa kaskazini, unaofanya barafu kwa ndani, nikautundikia mfarishi wa mama. Kahawa nilikuwa na ile ya kweli, niliyoificha tangu Krismasi, na mikate bapa ya vafeli niliichoma kwa chuma cha Olufine, na krimu juu.

Olufine alisimama mlangoni akaniangalia. "We Torgunn, huyu bwana unataka akuonee huruma au akuchumbie?"

Nikamwambia mgeni ni mgeni.

"Mgeni anakuja kuandika jinsi unavyoteseka, na wewe unampikia."

Lakini ningefanyaje? Nimwache mtu wa ofisi akae kwenye uchafu, akarudi kijijini kusema mjane wa Anders anaishi kama mnyama? Kvammen alipofika alivua viatu mlangoni. Eilif, alivua viatu. Kwenye zizi. Alikula mpaka sahani ikabaki tupu, akaangalia mapazia, akasema, "Mama Torgunn, hapa ni pazuri kuliko kwangu." Nilifurahi nikacheka kama msichana.

Alipoondoka ndipo niliona mfarishi umelowa chini. Hakuutazama.

Nadhani alipendezwa. Mtu akipendezwa na mwombaji atamsaidia, si ndivyo? Mwambie Jorid mama yake anajenga. Usimwambie lini.

Torgunn


Oslo, 20 Machi 1949

Dada,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Umemlisha vafeli. Umemfichia ukuta. Mungu wangu, dada, ule ukuta ndio ulikuwa wakili wako.

Lakini siwezi kukulaumu, sisi ndivyo tulivyo. Unakumbuka vuli ile Wajerumani walipotoa amri tuhame, mama akachukua ndoo akapiga deki? Baba akamwambia, "Petra, saa moja ijayo wanaichoma nyumba." Mama akasema, "Wataikuta safi." Na wakaikuta safi, wakaichoma ikiwa bado na unyevu wa deki, na mlango wa kijani ndio ulioshika moto mwisho. Mimi nilikuwa nimembeba Jorid wako mgongoni, ana miezi minane, analala tu.

Nitakwambia kitu. Wakati wa chai niliwasimulia wenzangu kisa chako. Sikutaja jina. Walicheka, mwenye kamera akamwaga chai yake. Halafu Bwana Falkanger akaacha kucheka. Akaniuliza mapazia yalikuwa rangi gani. Akaniuliza karani alikaa wapi, na kama ulikaa naye au ulisimama ukimhudumia. Ulisimama, eti? Nilimwambia bila shaka ulisimama.

Niandikie mara karatasi ikifika. Mimi naanza kuogopa.

Eilif


Skarvnes, 25 Aprili 1949

Eilif,

Karatasi zimefika. Mbili.

Ya kwanza inasema mkopo wa nyumba umekataliwa kwa sasa, kwa sababu mkaguzi ameona kwa macho yake kwamba mwombaji ana "makazi safi, yenye joto, hayana dharura". Wapo wanaokaa chini ya mashua zilizopinduliwa, hao kwanza. Hilo nalielewa. Wapo kweli.

Ya pili inatoka baraza la afya. Inasema mtoto Jorid hawezi kurudishwa kwangu, kwa sababu kwenye daftari la majengo mahali ninapoishi pameandikwa zizi la mifugo, na mtoto aliyeugua kifua haruhusiwi kulala kwenye zizi.

Zote mbili zimetiwa saini na Kvammen. Yeye ni mkaguzi na yeye ndiye katibu wa baraza la afya. Halmashauri yetu ni ndogo.

Nilikwenda. Nikaziweka mbele yake zikiwa zimepangwa sambamba. Nikasema, "Bwana Kvammen, hii inasema nina nyumba nzuri. Hii inasema sina nyumba."

Akasoma zote, taratibu, kama vile zimeandikwa na mtu mwingine. Akasema, "Ndiyo, ni sahihi."

"Zote mbili?"

"Hii ni ya makazi. Hii ni ya afya."

"Lakini ulikaa pale. Ulikula pale."

Akaona haya, masikini. Masikio yalimwiva. Akasema, "Na ninashukuru sana, Mama Torgunn. Ningeandika nini? Kwamba ni pachafu? Ningekutukana." Halafu akanishauri niombe tena mwakani, na nisisahau kubandika stempu.

Baada ya vita serikali yenyewe ndiyo ilitukopesha tujenge mazizi kwanza, kwamba ng'ombe wakiwa hai na watu watakuwa hai. Tukatii, tukaingia tukalala na ng'ombe, Anders akaenda baharini kulipa lile zizi akakutana na bomu la Wajerumani lililobaki majini. Basi sasa nyumba yangu ni nzuri mno kupata mkopo na mbaya mno kupata mtoto.

Na wewe, kunisimulia mbele ya watu wakicheka mpaka chai inawamwagikia, nisisikie tena. Mimi si kichekesho chako. Na Jorid asitajwe kwa hao watu. Nakukataza kama mama angekukataza.

Torgunn


Oslo, 6 Juni 1949

Dada mpendwa,

Nimekuelewa. Sisemi tena.

Kazi imekuwa nyingi, ndiyo maana kimya. Bwana Falkanger amebadilisha hadithi. Mwanzo filamu ilikuwa iishe karani akifunga kidirisha. Sasa eti wakubwa wanaotoa kibali wamesema watu wamechoka na huzuni, kwa hiyo mwishoni lazima mtu mmoja apate nyumba. Tukaambiwa tujenge nyumba. Nyumba kamili, ndani ya ghala, kwa ramani ileile ya ofisi ya makazi, ileile uliyonitumia wewe, vyumba viwili na jiko, ngazi tatu mbele.

Sasa sikia hili na usivunje kitu. Mbao zinahitaji kibali, si ndiyo? Watu wanangoja kibali cha mbao mpaka nywele zinaota mvi. Sisi tuliomba Jumanne. Alhamisi lori likaleta mbao za kwanza kwa ubora, zinatoa utomvu. Gunvald alizinusa akasema, "Nimeoa na kuzaa na kulea kwenye chumba kimoja na mama mkwe, kumbe nilitakiwa kuandika tu kwamba naigiza." Nilikuwa na hasira niliyokosa pa kuiweka, kwa hiyo nikaijenga vizuri. Dada, sijawahi kujenga hivi. Mlango niliupaka kijani, hakuna aliyeniambia nipake rangi ipi.

Haina paa, kwa sababu ya taa zinazoning'inia juu. Lakini ukisimama mbele huwezi kujua.

Jorid hajambo kabisa. Daktari anamruhusu kutoka siku mojamoja kupata hewa. Amejifunza kuimba. Anajua watu. Ana akili ya kushika maneno, akisikia mara moja tu.

Eilif


Skarvnes, 14 Agosti 1949

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa ukali wa ile barua ya Aprili. Sasa nimejua ulikuwa unafanya nini kimyakimya.

Nimepata barua ya Jorid. Sista Borghild ndiye kaiandika, lakini maneno ni ya mtoto. Anasema: "Nyumba yetu ina mlango wa kijani na ngazi tatu. Nikiruka ngazi ya mwisho Mama ananidaka. Mama ananukia vizuri."

Nimemsomea ng'ombe. Nimemsomea Olufine mpaka akaniambia ameshaikariri.

Nilidhani amenisahau. Alikuwa na miaka mitatu walipomchukua, na miaka mitatu ni kama moshi. Kumbe wewe unasimama kwenye ile bustani unamsimulia nyumba ya baba na mlango wake, na unamsimulia mimi. Mpaka harufu umemwambia. Ni sabuni ya kijani hiyo, mwambie, Mama hana nyingine.

Sikujua kama una subira ya namna hiyo. Ulikuwa mtoto wa kukimbiakimbia, huwezi kumaliza sahani. Mungu akuzidishie. Nitaomba tena mkopo, na safari hii sisugui kitu.

Torgunn


Oslo, 2 Oktoba 1949

Dada,

Usinishukuru. Nasema kweli, acha.

Nimekutumia kisanduku kwa meli ya pwani. Ni misumari. Nimeing'oa mmojammoja na kuinyoosha, imepinda kidogo lakini itashika. Picha imekwisha na nyumba tumeibomoa. Nilikwenda kuomba zile mbao. Nilivaa tai ya Gunvald. Nikawaambia kuna mjane kule kaskazini, Finnmark, nitazisafirisha mwenyewe, zinatosha nyumba nzima, zimeshakatwa kwa vipimo vilevile. Bwana wa ofisi, mtu mpole, akafungua jalada. Akasema mbao zimetolewa kwa ajili ya filamu, si makazi, na matumizi hayawezi kubadilishwa. Nikasema basi zibaki kwa kampuni. Akasema kampuni haina haki ya kuhodhi mbao za ujenzi baada ya filamu kwisha. Nikasema, sasa? Akasema, "Ziteketezwe, halafu mtuletee uthibitisho."

Tulizichoma uani. Gunvald alishika karatasi ya uthibitisho, mimi nikashika kibiriti. Wewe unajua nilikuwa nanusa nini.

Kuna jambo nitakwambia tukionana. Halifai kwenye barua. Kama wataleta sinema huko kwenu baridi hii, usihangaike kwenda. Picha yenyewe haikutoka vizuri.

Eilif


Skarvnes, 29 Januari 1950

Eilif,

Sinema ilikuja. Walileta mashine kwa mashua, wakafunga shuka kwenye ukuta wa shule, na kijiji kizima kikaja kwa sababu ni giza tangu Novemba na watu wangekwenda hata kutazama shuka tupu. Olufine alinivuta. Kvammen na mkewe walikaa mbele.

Watu walicheka kwenye foleni. Walimcheka yule mzee aliyeambiwa alete cheti kwamba yuko hai. Mimi pia nilicheka. Halafu akatokea yule mwanamke anasugua sakafu. Anatundika mapazia, anampeleka ng'ombe nje, anatundika mfarishi ukutani. Vichwa vikaanza kunigeukia kimojakimoja. Olufine akanong'ona, "Amesimama kama wewe." Alikuwa amesimama akimmiminia karani kahawa.

Hilo ningeweza kulimeza. Ningekuandikia matusi, ungeniomba radhi, yangekwisha.

Kwenye filamu karani anarudi ofisini, halali, anaona haya, anafuta alichoandika. Yule mama anapata nyumba. Mlango unafunguka, wa kijivu kwenye ile picha, lakini mimi nilijua rangi yake. Gari linasimama. Mtoto anashuka amevaa kofia ya sufu. Anaangalia huku na huku. Halafu anakimbia.

Nilimjua kwa mkimbio kabla sijaona uso. Mguu wa kushoto anautupa nje, kama Anders.

Anakimbia, anapanda zile ngazi tatu, anamrukia yule mwanamke wa Oslo mwenye mikono ya kupakwa krimu, anamkumbatia shingo na anaita, "Mama." Kwa sauti, Eilif. Mashine iliitoa sauti ikajaa shule nzima. Miaka miwili na nusu naisubiri hiyo sauti, na nimeisikia nikiwa nimebanwa kwenye benchi kati ya Olufine na muuza samaki, ikimwita mtu mwingine.

Watu walilia. Kvammen alilia. Taa zilipowashwa alinijia, anajifuta macho, akanishika mkono. "Umeona, Mama Torgunn," akasema. "Mwisho huwa mzuri. Ni subira tu." Hakumjua mtoto. Nilimwambia, "Yule ni Jorid wangu." Akadhani nimechanganyikiwa, akamwita Olufine anipeleke nyumbani.

Nyumbani.

Wewe ulisema nisikushukuru, hukusema kwa nini. Barua ile ya mlango wa kijani uliniacha nimsomee ng'ombe. Niambie jambo moja tu, sitaki maneno mengi: hospitali inayosema mtoto hawezi kutoka kuja kwa mama yake, ilimtoaje kwenda kwa yule?

Torgunn


Oslo, 10 Februari 1950

Dada,

Ulitaka jambo moja, nakujibu hilo.

Bwana Falkanger alimwandikia daktari mkuu. Daktari akasema mtoto anaweza kushinda mchana mahali popote penye nyumba iliyopitishwa. Yetu ya ghalani ilikuwa na ramani ya ofisi, kwa hiyo ikakaguliwa kama nyumba. Wakaja watu wawili, wakagonga kuta, wakapima madirisha, wakaandika ni kavu na ina mwanga wa kutosha. Ilikuwa na mwanga kwa sababu ya zile taa. Hakuna aliyetazama juu kuona kwamba haina paa. Daktari akapata karatasi yake, akatia saini.

Aliyesaini kwa upande wa familia ni mimi.

Nilidhani, na hapa unaweza kunitukana, nilidhani wakubwa wakimwona mtoto wataguswa. Na nilidhani ni siku nzima na Jorid, bila bustani, bila baraza, namshika mkono. Miaka miwili nilikuwa nampungia kutoka kwenye theluji. Alikaa mabegani kwangu, alipiga msumari mmoja, alikula keki. Bibi Vibeke, yule mwigizaji, alikuwa mwema kwake, alimpa kitana. Jorid alifurahi. Ningekwambia nini? Kwamba amefurahi bila wewe?

Nilikupiga kofi nikiwa nadhani nakubembeleza. Basi.

Eilif


Skarvnes, 3 Aprili 1950

Eilif,

Nakuandikia habari tu, usidhani nimekusamehe.

Mwandishi wa gazeti wa kule mjini alisikia kwamba mtoto wa kwenye filamu ni wa huku. Akapiga simu halmashauri kuuliza nyumba ya kweli iko wapi, anataka kuja kuipiga picha. Mwenyekiti akamwuliza Kvammen. Kvammen akasema iko njiani.

Kesho yake aliniita. Safari hii alinipa kiti na akafunga mlango. Mkopo umepita, kibali cha mbao kimepita, mafundi watano watakuja barafu ikiachia. Nikamwuliza kimebadilika nini, zizi ni lilelile na mimi ni yuleyule.

Akasema, "Suala limeangaliwa upya."

"Limeangaliwa na nani?"

Akafunga jalada. Halafu akasema kwa upole sana, kama mtu anayeomba chumvi, "Mama Torgunn, mwandishi akija, tusiongelee yale ya kwanza."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Ningembusu mkono kama angetaka. Hivyo ndivyo nilivyouza kinywa changu, kwa vyumba viwili na jiko. Olufine anasema ningemtemea mate. Olufine ana watoto wake wote nyumbani.

Misumari yako imefika. Nitaitumia.

Torgunn


Oslo, 21 Agosti 1950

Dada,

Amepanda meli leo na Sista Borghild. Daktari ametia saini. Koti jipya ni la kwangu, nimemnunulia kubwa kidogo ili avae na mwakani.

Hapendi maziwa ya moto yenye utando juu. Analala na taa. Usimwite "mtoto wangu maskini", Sista anasema hilo linamtisha, wanaoitwa hivyo kule wodini hawakuwa wanarudi.

Alilia gatini, alining'ang'ania mguu. Nikamwambia asiogope, ni kama mwaka jana tu. Kuna nyumba nzuri, na Mama atakuwa mlangoni, na yeye anajua cha kufanya, akimbie. Akanyamaza papo hapo. Akafuta kamasi, akasema, "Hiyo naijua." Akapanda mwenyewe bila kugeuka.

Ningependa kuja siku moja kuiona nyumba. Ukiniruhusu.

Eilif


Skarvnes, 17 Septemba 1950

Eilif,

Amefika. Nakuandikia kwa sababu hakuna mwingine atakayeelewa, na kwa sababu ni wewe ndiye unayetakiwa kujua.

Kijiji chote kilikuja gatini, na yule mwandishi na kamera yake, na Kvammen amevaa kofia ya Jumapili. Mimi nilisimama mlangoni kama nilivyoambiwa. Mwandishi ndiye aliyepanga hivyo, eti itapendeza zaidi. Nilikuwa nimefunga mikono ndani ya aproni.

Akaja na Sista kwenye njia. Amerefuka. Akaiangalia nyumba, akaniangalia mimi, akauachia mkono wa Sista. Halafu akakimbia, anautupa ule mguu. Akapanda ngazi, akanirukia, akanikaba shingo, akaita "Mama" mpaka ndege wakaruka kwenye paa la zizi. Nilimshika. Sikuwa najua kwamba mtoto wa miaka sita ni mzito hivyo. Nyuma watu walikuwa wanalia kwa sauti, nikasikia kamera inalia, nikasema moyoni, Eilif, mdogo wangu, yameisha, nimekusamehe yote. Nilisema hivyo kweli. Nataka ujue kwamba kwa muda kidogo ulikuwa umesamehewa.

Halafu akaniachia. Akashuka, akanyoosha koti lake, akarudi nyuma hatua moja na kuinama kidogo kwa goti kama wanavyofundishwa kule. Akanitazama usoni, kwa adabu, kama mtu mzima anayeongea na mtu wa ofisi. Akauliza, "Imetosha, au nirudie?"

Watu hawakusikia. Mwandishi alikuwa anakunja miguu ya kamera yake. Kvammen alikuwa anampa Sista mkono.

Mama mwingine angemwambia, imetosha, mwanangu, hapa ni kwenu, ingia ule. Mimi najua ndivyo nilivyotakiwa kusema. Nimefikiri juu yake kila usiku tangu siku ile.

Nilimwambia, "Rudia."

Akaenda mpaka kwenye kona ya uzio, akageuka, akakimbia.

Torgunn